Picha Hukatwa, Kijipicha Hubaki

Katika makala haya nakusudia kuungama kosa langu mwenyewe, kisha nieleze jinsi lilivyotokea, kwa kuwa naamini kwamba walimu na wanafunzi wengi hulitenda kila siku bila kujua. Kosa lenyewe ni dogo kwa kimo. Halizidi ukucha wa kidole gumba. Madhara yake, hata hivyo, yangeweza kumpokonya mama mmoja kibarua kinachowalisha watoto wake.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilikuwa nikifanya utafiti katika mashamba ya chai yaliyo mpakani mwa kaunti za Kericho na Bomet. Nilitaka kujua jinsi Kiswahili kinavyotumika kazini miongoni mwa wachumaji wa majani chai, watu ambao nyumbani mwao huzungumza Kikipsigis, Ekegusii, Dholuo au Kiluhya, lakini wafikapo kwenye mizani hukutana katika Kiswahili. Hali haikuwa shwari. Mwezi wa Mei mwaka uo huo, mashine za kuchuma chai ziliteketezwa huko Kericho katika maandamano ya watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya ajira. Kwa hivyo, yeyote aliyepita mashambani akiwa na daftari na kamera alitazamwa kwa jicho la shaka.

Mama mmoja aliyekuwa amechuma chai kwa zaidi ya miaka 20 alikubali kunisaidia. Alinifunza msamiati wa kazi yake, na kama kila mtafiti wa lugha ajuavyo, maneno hayaji peke yake. Yalikuja na habari za mizani, za nyapara na za mashine. Habari ambazo hangependa zifike kwa mkubwa wake. Nilipomwomba nimpige picha akiwa kazini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mikono yangu piga, mwalimu. Lakini uso wangu usionekane." Nami nikamjibu, "Mama, uso wako hautatoka." Hiyo ndiyo ahadi niliyoitoa.

Kwa kuwa jua lilikuwa zuri na mandhari yalinivutia, nilimpiga picha nzima: uso, kikapu mgongoni, na mikono ikikwanyua majani mawili na chipukizi. Niliwaza kwamba jioni ningeikata. Na kweli jioni niliiweka kwenye tarakilishi, nikaifungua kwa programu nyepesi ya zamani niliyoizoea tangu nilipokuwa mwanafunzi, nikaikata ikabaki mikono na majani tu. Niliihifadhi, nikaifungua tena kuhakikisha, na sikuona uso. Ile picha nzima nikaifuta. Nililala nikijiona mtu mwaminifu.

Siku mbili baadaye nilichukua flashi yangu hadi duka la saiba katika mojawapo ya miji midogo iliyo kwenye barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik. Nilitaka picha hiyo ichapishwe kubwa kwa ajili ya bango la kongamano. Kijana wa saiba alipoichomeka flashi, programu yake ya kutazamia picha ilipanga orodha ya picha zangu zote zikiwa ndogo ndogo. Aliitazama mojawapo, akatabasamu. "Mwalimu," akasema, "huyu mama si jirani yetu kule juu?" Niliinama nikatazama. Katika kile kipicha kidogo, mama yule alikuwa akinitazama, uso wake wazi kama nilivyomwona shambani. Kijana akaifungua picha yenyewe: mikono mitupu. Akaifunga: uso ukarejea.

Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa uchawi, wala kwamba tarakilishi ya kijana yule ilikuwa mbovu. Ilikuwa ikifanya kazi sawasawa kama ilivyoundwa. Aliyekosea ni mimi, niliyedhani kwamba ninachokiona ndicho chote kilichomo.

Ukweli ni kwamba picha inayotoka kwenye kamera au simu haiwi picha moja. Ndani ya faili ya aina ya JPEG, pamoja na picha yenyewe, huwamo kitalu cha maelezo kinachofuata kanuni iitwayo Exif, iliyotungwa huko Japani na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Kitalu hicho huandika tarehe na saa, aina ya kamera, na ikiwa simu imeruhusiwa, hata mahali picha ilipopigwa. Aidha, mara nyingi humo ndani hupachikwa nakala ndogo ya picha nzima, ambayo kwa desturi ina nukta 160 kwa upana na 120 kwa urefu. Nakala hiyo ndiyo kijipicha.

Sababu ya kukiweka ni njema. Picha ya nukta 4,000 kwa 3,000 ina jumla ya nukta milioni 12; kijipicha kina nukta 19,200, yaani moja kwa kila 625. Kamera ikitaka kukuonyesha orodha ya picha 100, ni rahisi zaidi isome vijipicha 100 kuliko kuzifumbua picha kubwa zote, hasa kamera za miaka ile ambazo uwezo wake ulikuwa mdogo. Kijipicha basi kiliwekwa kiwe karani wa mlangoni, akutajie kilichomo ndani bila ya wewe kuingia.

Tatizo huanza karani huyo asipopewa habari kwamba ndani kumebadilika. Ukiikata picha, programu hubadilisha picha kubwa. Je, kile kitalu cha maelezo kitafanywaje? Programu makini hutengeneza kijipicha kipya kutokana na picha iliyokatwa, au hukiondoa cha zamani. Nyingine hunakili kitalu chote jinsi kilivyo, kwa nia njema ya kutopoteza tarehe na maelezo mengine, na kijipicha cha zamani husafiri pamoja nayo. Hapo ndipo faili moja hubeba shahidi wawili wanaopingana: mkubwa asemaye "mikono", na mdogo asemaye "mikono na uso".

Hiyo si sababu ya pekee. Sababu ya pili haimo ndani ya faili hata kidogo, bali imo katika chombo kinachoitazama. Tarakilishi na simu nyingi hujitengenezea vijipicha vyao na kuviweka katika ghala lao ili zisirudie kazi. Ukibadilisha picha na kuihifadhi kwa jina lile lile, yawezekana chombo kisitambue upesi kwamba kimepitwa na wakati, kikaendelea kukuonyesha sura ya jana. Hata ukiifuta picha kabisa, kijipicha chake chaweza kusalia ghalani kwa muda. Wenye simu za Android wamewahi kukiona kijalada kilichofichwa kiitwacho .thumbnails, humo mlikuwa na sura za picha ambazo wenyewe waliamini wamezitupa zamani.

Sababu ya tatu ni kwamba programu kadhaa za siku hizi haziikati picha asili. Huiacha kama ilivyo na kuandika kando maagizo: kata hapa, ongeza mwangaza pale. Programu ile ile ikiifungua, hutekeleza maagizo hayo nawe ukaona picha mpya. Programu nyingine isiyoyajua ikiifungua, huonyesha ya zamani. Fauka ya hayo, kijipicha chaweza kutofautiana na picha kwa mambo yasiyo na hatari: rangi zilizofifia, au mistari myeusi juu na chini kwa sababu umbo la kijipicha halilingani na umbo la picha. Hayo huudhi jicho tu. La uso wa mama ni jambo jingine.

Wasomaji wa rika langu na walionizidi watalielewa jambo hili upesi wakikumbuka studio za picha za miji yetu. Ulipigwa picha, ukapewa karatasi, na negativu ikabaki kwa mpiga picha. Ukichukua makasi ukamkata jamaa usiyempenda, alitoweka kwenye karatasi yako, lakini studioni bado alikuwapo, amesimama kando yako akicheka. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: zamani negativu ilibaki kabatini kwa mwenye studio, leo unaweza kuikunja ndani ya picha ile ile unayompa mtu mkononi.

Nisamehewe nikiingia kidogo katika taaluma yangu, kwa maana jina lenyewe lina funzo. Waingereza walikiita kitu hiki kwa jina la ukucha wa kidole gumba. Sisi tumekiita kijipicha. Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kiambishi ki- peke yake hutosha kudunisha, tukapata kitoto na kigari. Na tukitaka kudunisha na kudharau kwa pamoja huongeza -ji-, tukapata kijitoto na kijigari. Kwa hivyo tunapokitaja kijipicha tumekwisha kukidharau kabla ya kukitazama. Nami nilikidharau.

Na si picha tu zinazohifadhi sura ya kale. Lugha nayo hufanya hivyo. Tunasema ulimi, lakini wingi wake ni ndimi, si "nlimi". Tunasema mti mrefu, lakini nyumba ndefu. Wanaisimu wanapoujenga upya mzizi wa kale wa Kibantu huuandika kwa d. Katika ulimi sauti hiyo imekuwa l. Katika ndimi, ikiwa imekingwa na n, imesalia d. Umoja ulibadilika, wingi ukahifadhi ya zamani. Kwa mwanaisimu hilo ni neema, kwa kuwa mabaki kama hayo ndiyo hutuwezesha kuijua historia ya maneno. Lakini mabaki yanayomfurahisha mtafiti yaweza kumwangamiza mtafitiwa. Wahenga walisema akiba haiozi. Walinena kweli, ila hawakusema kwamba kila akiba ni ya heri.

Yamkini msomaji mmoja atanipinga kwamba haya ni mambo ya zamani. Ni kweli kwamba mwaka 2003 mtangazaji mmoja wa televisheni nchini Marekani alifedheheka baada ya picha zake alizozikata kugunduliwa kuwa zingali na vijipicha vyenye yale aliyoyaondoa, na kwamba tangu wakati huo programu nyingi zimerekebishwa. Ni kweli pia kwamba ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa upya na maelezo yake mengi huondolewa. Lakini mwenye kutaka picha isipungue ubora huituma kama hati, nayo hupita na vyote vilivyomo. Na ni nani kati ya walimu wetu ambaye tarakilishi yake ya ofisini ina programu mpya? Tunatumia tulichopewa, na mara nyingi tulichopewa ni cha kale.

Isitoshe, hata vyombo vipya huteleza. Mwezi wa Machi mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba programu ya kukatia picha katika simu za Pixel za kampuni ya Google ilikuwa ikiacha sehemu ya data ya picha asili mwishoni mwa faili iliyokatwa, hata mtu mwenye ujuzi akaweza kurejesha baadhi ya kilichoondolewa. Kasoro ya namna hiyo ilionekana pia katika programu ya Windows ya kunasa picha za kioo. Hapo kosa halikuwa la kijipicha, lakini funzo ni lile lile: kutoonekana si kutokuwapo. Kasoro hizo zilirekebishwa. Picha zilizokuwa zimekwisha kusambazwa hazikurekebishika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa nini nawaandikia walimu na wanafunzi? Kwa sababu shule na vyuo vimekuwa viwanda vya picha. Mwalimu hupiga picha za darasa, za michezo, za miradi ya wanafunzi. Mwanafunzi wa chuo huenda nyanjani Bomet, Litein au Kapkatet, akarudi na nyuso za watu ambao amewaahidi siri. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo si pambo. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi watoto bila idhini ya wazazi. Shida huko ilikuwa idhini, si kijipicha. Lakini hebu tujiulize: mwalimu aliyenyimwa idhini na mzazi mmoja, akamkata mtoto huyo pembeni mwa picha ya darasa kisha akaisambaza na kijipicha chake, ametii au hajatii?

Mimi nasema hajatii. Na hapa ndipo penye hoja yangu. Tumezoea kufikiri kwamba ahadi ya kuficha hutekelezwa pale jicho letu linapoacha kuona. Sivyo. Aliyeahidi kuondoa uso ameahidi kuuondoa katika kila nakala iliyotoka mkononi mwake, kubwa kwa ndogo, anayoijua na asiyoijua. Kama hajui zilipo, ni wajibu wake kujifunza kabla ya kuahidi. Hatumkubali daktari aseme kwamba alishona jeraha vizuri ila hakujua kuna kipande cha chuma ndani.

Kujifunza kwenyewe si kugumu. Kwanza, ukiisha kuikata picha, usiihifadhi juu ya ile ya zamani. Itoe kama faili mpya, na programu ikikuuliza kama ihifadhi maelezo, ikataze. Pili, itazame faili hiyo kwa tarakilishi au simu nyingine, tena itazame ikiwa katika orodha ya vijipicha kabla ya kuifungua. Tatu, kwa kazi nyeti tumia programu ya kusomea maelezo ya picha. Ipo ya bure iitwayo ExifTool, ambayo huweza kukuonyesha kijipicha kilichomo na kukiondoa. Nne, kumbuka ghala: kufuta picha kwenye simu au tarakilishi yako hakufuti kilichobaki katika kila chombo ilikopitia. Idara zinazofundisha mbinu za utafiti zinaweza kuyafundisha haya yote kwa saa moja. Tunatumia majuma mengi kufundisha jinsi ya kuandika marejeleo. Sioni kwa nini tukose saa moja ya kumlinda mtu aliyetupa maneno yake.

Narudi kwa mama. Kijana wa saiba alikuwa muungwana. Alinisaidia kukiondoa kijipicha, akafuta yaliyobaki katika tarakilishi yake, wala sikusikia kwamba alimtajia mtu. Lakini nilikuwa nimeokolewa na uungwana wa mtu mwingine, si na uangalifu wangu. Lau pale mezani angekuwa ameketi jamaa wa nyapara, leo ningekuwa nikiandika makala ya namna nyingine, au ningeona haya nisiandike kabisa.

Niliona si haki kumficha. Nilirudi shambani kesho yake, nikasubiri wamalize kupima majani, nikamweleza yote: picha nzima, kukata, kile kilichobaki, na kijana aliyemtambua. Alinisikiliza akiwa anafungua aproni yake ya plastiki. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu, "Sasa mwalimu, nilikwambia mikono. Mbona hukupiga mikono?"

Sikuwa na jibu, wala shahada zangu zote hazikunipa jibu. Kamera ilikuwa mikononi mwangu; ningeielekeza chini kidogo tu, uso ule usingeingia katika picha kubwa wala ndogo, na kusingekuwa na cha kukata wala cha kusahau kukata. Siku ile nilimpiga picha upya, kwa idhini yake. Nilisogea karibu, nikapiga mikono.